Kabila, Taifa, Raia

Neno taifa, ambalo siku hizi hutajwa kwa nchi nzima yenye bendera na wimbo wake, lilikuwa na maana nyembamba zaidi katika mji wa Mombasa. Wenyeji wa mji huo walijiita Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, nao walikuwa mafungu mawili: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na Tisa Taifa, ambao ni Wamvita, Wamtwapa, Wakilifi, Wajomvu, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Kila fungu lilikuwa na mkubwa wake aliyeitwa tamimu. Mwenye kuyaangalia majina hayo ataona kwamba mengi yake ni majina ya mahali. Mtu aliitwa Mkilifi kwa sababu wazee wake walihama Kilifi, na Mpate kwa sababu walitoka Pate. Na yamkini waliohama pamoja hawakuwa wote wa mlango mmoja, bali majirani waliokimbia shari moja. Taifa, basi, lilikuwa jawabu la swali la majirani: watu wako walikaa wapi kabla hawajaja hapa, na mkigombana na watu wa mtaa wa pili, nani atasimama nawe?

Isidhaniwe kwamba zama hizo zilikuwa za usawa. Ungwana ulilindwa kwa wivu. Mtumwa hakuwa na taifa ila la bwana wake, na aliyeletwa kutoka bara aliitwa mshenzi hata akikaa mjini miaka ishirini. Lakini ukuta wa majina hayo ulikuwa na milango. Mshenzi alisilimu, akajifunza lugha ya mji na adabu zake, akaoa. Mwanawe akaitwa mzalia. Na mjukuu, kama mambo yalimwendea vyema, aliweza kukaa barazani bila mtu kumwuliza babu yake alikuja kwa njia gani. Si wote waliofaulu kuupita mlango huo, na wengi walikufa wakiwa nje yake. Hata hivyo hapakuwa na daftari. Jambo lililosahauliwa na majirani lilikuwa limesahauliwa kweli.

Daftari lilikuja na Waingereza. Kwa mkataba wa 1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia utawala wa ukanda wa pwani wa maili kumi kwa malipo ya kila mwaka. Enzi ikabaki yake, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa hata 1963. Kwa hiyo mtu wa Mombasa alikuwa raia wa Sultani aliyetawaliwa na maofisa wa Mwingereza. Neno hilo raia nalo lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni wanyama wachungwao, kisha watu walio chini ya mtawala. Raia wa zamani hakuwa na kura wala hakutazamiwa kuwa nayo; alitazamiwa kutii, na kwa kutii kwake alindwe. Mazrui wa Takaungu, mvuvi wa Vanga na mkulima wa Makunduchi wote walikuwa raia wa bwana mmoja, na jina hilo halikuongeza wala kupunguza kitu katika nasaba zao.

Serikali mpya haikutosheka na jina la raia. Sheria zake ziliuliza kwanza kama mtu ni mwenyeji au si mwenyeji. Katika Kiswahili mwenyeji ni jina la heshima: ndiye mwenye mji, ampokeaye mgeni na kumwonyesha kisima. Katika sheria za Kenya neno la Kiingereza lililofasiriwa hivyo lilikuwa na maana nyingine kabisa. Mwenyeji wa sheria alikuwa ni Mwafrika, naye ndiye aliyetozwa kodi ya nyumba na ya kichwa kwa kanuni zake peke yake, ndiye aliyepelekwa mbele ya mahakama za daraja yake, na ndiye ambaye, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kama ni mwanamume, alitakiwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake. Asiye mwenyeji alikuwa na kanuni nyingine, na hospitali nyingine, hata chakula kingine kama akifungwa gerezani. Mwarabu alihesabiwa kuwa si mwenyeji. Thenashara Taifa walijikuta wamesimama katikati, na mara nyingi wakasukumwa upande wa wenyeji.

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo mzee wa karne ya 18, kama angefufuka, asingeweza kulielewa. Watu ambao wazee wao waliujenga mji, ambao makaburi yao yamo ndani ya mji na mashairi yao yanausifu mji, walianza kuiandikia serikali barua za kusisitiza kwamba wao si wenyeji. Hawakuwa wamesahau maana ya neno. Walijua vyema maana yake ilivyogeuka lilipofika mezani kwa karani. Waarabu wa pwani walipopewa kiti cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya katika miaka ya 1920, Thenashara Taifa hawakuhesabiwa kuwa Waarabu, wakakosa kura hiyo; na 1927 wakaunda chama chao wenyewe, wakakiita Afro-Asian, jina ambalo ndani yake mna dai zima la nasaba yao. Hata miaka ya 1950 ndipo walipokubaliwa kuandikwa pamoja na Waarabu katika daftari la wapigaji kura. Kufikia hapo neno Mwarabu halikuwa tena habari ya baba na babu peke yake. Lilikuwa daraja ya sheria, na daraja ya sheria mtu huweza kuiomba kwa barua.

Wako waliowalaumu watu hao kuwa waliona haya ya Uafrika wao. Haya hiyo ilikuwako, wala haifai kufichwa, kwa maana ilikuwa imerithiwa kutoka katika desturi ile ile ya kumwita mtu wa bara mshenzi. Lakini lawama hiyo huacha nusu ya habari. Mtu aliyeona kwamba jina moja litampeleka mwanawe shule nzuri, na jina la pili litampeleka katika mstari wa kodi, hakuhitaji kuona haya ya kitu chochote ili achague. Wala serikali iliyolalamika kwamba watu hawa hawasemi kweli juu ya asili yao haikujiuliza kama swali lake lenyewe lilikuwa na jawabu la kweli.

Unguja na Pemba, ambako Sultani alikuwa na kasri lake na Mwingereza alitawala kwa jina la kulinda, mstari huo haukuchorwa kwa ukali wa Kenya. Walakini hesabu za watu zinaonyesha mwendo ule ule. Katika hesabu ya 1924 watu zaidi ya 30,000 waliandikwa kuwa Waswahili. Katika hesabu ya 1931 walisalia kama 2,000 tu. Hapakutokea tauni wala njaa ya kuwamaliza. Watu walikuwa pale pale walipokuwa, Ng'ambo na mashambani, ila sasa walijiita Washirazi, au Wahadimu, au Watumbatu, au Waarabu. Na Waarabu, ambao walikuwa karibu 19,000 mwaka 1924, walizidi 33,000 mwaka 1931 na 44,000 mwaka 1948. Wahamiaji kutoka Oman walikuwako kila msimu, lakini ongezeko hilo haliwezi kuelezwa kwa majahazi peke yake.

Sababu ya kukimbiwa jina la Mswahili haiko mbali. Amri ya 1897 iliyovunja utumwa iliwaacha maelfu ya watu wakiwa huru bila jina. Wengi hawakutaka kuitwa Wanyasa au Wayao au Wamanyema, kwa sababu majina hayo yalimkumbusha kila asikiaye soko la watumwa. Wakajiita Waswahili, watu wa pwani, jina pana lisilouliza mengi. Lakini kwa vile walioachwa huru walilishika kwa wingi, waungwana walilikwepa, na baada ya kizazi kimoja hao wa kwanza nao walianza kulikwepa. Jina lililotafutwa liwe sitara likageuka kuwa alama. Wakati uo huo mwanamke aliyekatazwa kujifunika alipokuwa mtumwa alivaa buibui, na mwanamume akavaa kanzu na kofia, na mambo hayo mawili, vazi na jina, yalikuwa jitihada moja. Wahadimu nao walikuwa na dhiki ya namna yao, kwa kuwa wengi waliamini kwamba jina lao limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi. Ndiyo maana wengi wao walipendelea kuitwa Washirazi.

Mshirazi ni nani? Habari za Kilwa zasimulia juu ya mwana wa sultani wa Shirazi na merikebu saba zilizotawanyika pwani. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi yaliyochongwa ya mwaka 1107, na watu wa kusini ya Unguja huyaonyesha kuwa ushahidi. Kwa muda mrefu wanachuoni wa kigeni walisema kwamba hadithi hiyo ni ya kubuni, iliyotungwa ili kujipa heshima. Mwaka 2023 ilitangazwa matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Manda, Mtwapa na Kilwa yakiwamo. Ilionekana kwamba wengi wa waliozikwa humo walitokana na kina mama wa Kiafrika, na kwa upande wa kina baba wengi walitokana na watu wa Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Hadithi, basi, ilikuwa na mbegu ya ukweli. Lakini ni kosa kudhani kwamba mifupa hiyo ingeweza kumaliza ugomvi wa karne ya 20. Watu 148,000 hivi waliohesabiwa kuwa Washirazi mwaka 1948 hawakuliza swali la mifupa. Walikuwa wakitafuta mahali pa kusimama ambapo si pa mtumwa wala si pa bwana wa mashamba, mahali pa mtu aliyekuwapo visiwani kabla ya wote wawili.

Vita Kuu ya Pili iliwaonyesha kwamba mahali hapo hapakuwa na fungu lake. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukiletwa visiwani kutoka huko ulikatika, na serikali ikaanza kugawa chakula kwa kipimo. Kipimo kilifuata jamii. Mhindi na Mwarabu walihesabiwa kuwa walaji wa wali. Mwafrika akatazamiwa kuishi zaidi kwa unga wa mahindi na muhogo. Mpemba, ambaye mabonde yake ni ya mpunga na ambaye wali ulikuwa chakula cha baba yake, aliambiwa na karani kwamba kabila lake halili wali. Chama cha Washirazi, kilichoanzishwa Pemba karibu na mwanzo wa vita, kilipata katika jambo hilo hoja ambayo hata asiyejua kusoma aliielewa.

Kisha ukaja wakati ambao wazee wa Unguja mpaka leo huuita zama za siasa, na thamani ya majina ikapinduka. Ilikuwa faida katika miaka ya 1920 kuthibitisha kwamba mtu si mwenyeji. Katika miaka ya 1950, uhuru ulipoonekana unakuja, kila mmoja alitaka kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenyeji, na kwamba jirani yake ndiye mgeni. Yaliyokuwa yakigawanywa sasa hayakuwa mchele wala nafuu ya kodi, bali nchi yenyewe.

Mwanzo wake haukuwa mbaya. Wakulima wa Kiembesamaki, waliokuwa wamegombana na serikali mwaka 1951 katika vita vya ng'ombe, waliunda chama wakakiita kwa Kiarabu chama cha taifa cha raia wa Sultani wa Zanzibar. Ni jina la kuangaliwa vizuri. Halikutaja Mwarabu wala Mshirazi wala Mwafrika, lilitaja raia. Mwaka 1955 vijana wa Kiarabu waliosoma waliingia katika chama hicho, wakakigeuza kikawa Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu kwa neno la kwanza la jina lake la awali. Wito wake ulikuwa kwamba Uislamu na utii kwa Sultani vinawafanya watu wote wa visiwa kuwa wamoja. Lakini neno raia lilikuwa na makali upande wa pili. Aliyezaliwa bara, au ambaye baba yake alizaliwa bara, huenda si raia wa Sultani. Na watu wa asili ya bara visiwani walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, wakipagaza mizigo bandarini na kupalilia mikarafuu. Mtu aliyevunjika mgongo kwa kazi ya Unguja aliambiwa kwamba Unguja si kwao.

Upande wa pili ulijibu kwa hesabu nyingine. Chama cha Waafrika cha 1934 na sehemu ya Washirazi waliungana Februari 1957, wakazaa Afro-Shirazi, na katika mikutano yao jina la kutosha lilikuwa Mwafrika. Kwa hesabu hiyo Mwarabu aliyezaliwa Unguja, na baba yake na babu yake, asiyejua Kiarabu ila cha kusalia, alikuwa mgeni aliyekaa muda mrefu. Katika uchaguzi wa Julai 1957 Abeid Amani Karume, mkubwa wa Afro-Shirazi, alisimama Ng'ambo kupambana na Ali Muhsin wa Hizbu; wapinzani wake wakadai kwamba hakuzaliwa Unguja na kwamba hana haki ya kusimama. Shauri likapelekwa mbele ya sheria, naye akashinda shauri, kisha akashinda na uchaguzi. Ushindi huo haukuifuta dharau. Maelfu waliokuwa na hali kama yake, wasio na wakili, walielewa kwamba swali lile lingeweza kuulizwa kwao siku yoyote.

Mwaka 1958 ugomvi ulishuka kutoka majukwaani ukaingia majumbani. Wenye mashamba waliwafukuza wakaao bure waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu. Wa Afro wakasusa maduka ya Waarabu na Wahindi. Watu wakagawana mabasi, wakaacha kuzikana. Ni Pemba, ambako Waarabu na Washirazi walikuwa wameoana na kuchanganya mashamba zaidi kuliko Unguja, ambako wengi walikataa kuchagua, na mwaka 1959 baadhi ya viongozi wa Kishirazi wakajitenga chini ya Muhammad Shamte, wakaunda chama cha tatu. Jina Mshirazi, lililotafutwa ili kuwaweka watu nje ya ugomvi wa mabwana na watumwa, likapasuka vipande viwili.

Uchaguzi wa Juni 1961 ulikwenda na mauaji. Watu 68 walikufa, karibu wote Waarabu. Wengi wao walikuwa Wamanga, yaani wahamiaji maskini kutoka Oman, wenye viduka vya mashambani vya kuuza mafuta ya taa na sukari kwa vibaba. Hawakuwa na mashamba ya mikarafuu wala hawakumfukuza mtu. Waungwana wa Kiarabu wa mjini kwa desturi hawakuwahesabu hata kuwa wenzao. Lakini jina lilikuwa moja, na panga halikuuliza zaidi.

Miezi minne baadaye, ng'ambo ya mkondo, Bunge la Tanganyika lilikaa Dar es Salaam kujadili mswada wa uraia. Tanganyika nayo ilikuwa imepita katika mlango wa rangi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Julius Nyerere aliishawishi TANU katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, iikubali kura hiyo ingawa ilikuwa ya kuchukiza, na kwa ajili hiyo Zuberi Mtemvu alitoka akaunda chama cha Afrika kwa Waafrika peke yao. TANU yenyewe wakati huo haikupokea wanachama wasio Waafrika. Haikufungua mlango huo mpaka 1963. Kwa hiyo waliosimama Bungeni Oktoba 1961 wakataka uraia uwe wa Waafrika tu hawakuwa watu wa ajabu. Walisema yaliyokuwa yakisemwa sokoni, na walikuwa na sababu: waliotawala, waliomiliki na waliofanya biashara walikuwa wametengwa nao kwa rangi, na rangi ndiyo iliyokuwa imewanyima. Nyerere aliwajibu kwa hasira isiyo ya kawaida yake. Aliwafananisha na wafuasi wa Hitler, akasema kwamba serikali yake itajiuzulu mswada ukikataliwa, na kwamba hawatabadili msimamo huo. Mswada ukapita. Tarehe 9 Desemba 1961 aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika, akawa raia bila kuulizwa kabila. Wengine wakapewa miaka miwili ya kujiandikisha. Mtemvu alipopambana na Nyerere katika uchaguzi wa Rais wa 1962 alipata kura zipatazo 21,000, na mwenzake zaidi ya milioni moja.

Hasira ile haikuondoa chuki mioyoni, na Mhindi wa Tanga au Mwarabu wa Tabora angeweza kutoa ushahidi. Ilichofanya ni kuondoa swali moja katika fomu. Ikumbukwe pia kwamba Tanganyika ilikuwa na nafasi ambayo Unguja haikuwa nayo: wasio Waafrika walikuwa wachache sana huko, kiasi kwamba kuwakubali hakukubadili ni nani atakayeshinda uchaguzi. Unguja jina la mtu mmoja mmoja liliweza kugeuza serikali. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata kura 54 katika kila 100, wakapata viti 13 tu katika 31. Uhuru ukatolewa 10 Desemba kwa upande uliokuwa na viti vingi na kura chache.

Serikali hiyo ilidumu mwezi mmoja. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 ilipinduliwa, na katika siku zilizofuata watu waliuawa kwa maelfu, idadi ambayo hata leo hubishaniwa. Waliouawa kwa kuwa Waarabu ni pamoja na watu waliojiandika Waarabu mwaka 1931 au 1948, walipoona ni nafuu, na watoto wao. Si haki kusema kwamba karani wa hesabu ya watu ndiye aliyewaua. Utumwa, mashamba na siasa vilikuwa na mkono mzito zaidi. Lakini karani alikuwa amewaandika.

Walionusurika walikimbilia Dar es Salaam, Mombasa, Dubai na Oman. Sultani Qaboos alipotwaa utawala wa Oman mwaka 1970 aliwaita watu wa asili ya huko warudi, na wengi wakaenda, wakashika kazi za ualimu, udaktari na ofisi, kwa sababu walikuwa wamesoma. Walizungumza Kiswahili nyumbani, na baadhi yao hawakujua Kiarabu cha kutosha kununulia samaki. Watu waliofukuzwa Zanzibar kwa sababu ni Waarabu, Maskati waliitwa Wazanzibari.

Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Hesabu ya watu ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila la mtu katika Tanzania. Tangu ile ya 1978 swali hilo halimo. Kenya ilifuata njia nyingine. Oktoba 1963 Sultani aliachilia enzi yake ya mwambao, na raia wake wa Mombasa, Lamu na Malindi wakawa watu wa Kenya, wengine kwa furaha na wengine kwa hofu. Katiba ya Kenya ilitoa uraia kwa kipimo kile kile cha mtoto na mzazi kilichotumiwa Tanganyika. Lakini katika ofisi ya kitambulisho, ambacho watu wengi hukiita kipande hadi leo, karani aliendelea kuuliza kabila, na asiyekuwa na kabila katika orodha alirudishwa. Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji kulima mkonge na miwa Kwale walikaa hivyo kwa vizazi. Mwaka 2016 walikwenda kwa miguu mpaka Nairobi kudai haki yao, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la Kenya. Mwaka huo huo wa 2017 Wahindi wa Kenya nao walitangazwa kuwa kabila.

Wapemba wa Kwale na Kilifi walingoja zaidi. Wazee wao walikuwa wavuvi waliovuka kwa ngalawa na mashua kutoka Pemba, wakifuata samaki, na waliovuka kabla ya 1963 walitoka katika nchi ya Sultani wakashuka katika nchi ya Sultani. Hawakupita mpaka wowote. Mpaka ndio uliopita baadaye. Watoto wao walizaliwa Kenya wasiweze kupata kibali cha kuvua wala kuandikisha shamba kwa majina yao, na baba aliyetaka mwanawe afanye mtihani ilimbidi aazime kitambulisho cha jirani Mdigo au Mgiriama. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Wapemba ni mojawapo ya makabila ya Kenya, na vitambulisho vikaanza kutolewa.